Pembe moja iliyobaki

Swali: Shikamoo fundi. Niko Ngamiani, Tanga. Kwenye hitima ya marehemu babu tulichinja ng'ombe, nami nikaziweka pembe zake mbili. Ya kwanza niliichemsha kwa muda wa saa mbili, nikatoa mfupa wa ndani, nikaianika juu ya bati siku kumi. Halafu mimi na rafiki yangu mwenye mashine ya kukereza tukatengeneza kalamu ya wino ya kumpa baba, mwalimu mstaafu. Hesi za kufungia kifuniko tulizikata kwenye pembe yenyewe, na wino tukaumimina ndani moja kwa moja. Wiki ya tatu kifuniko kikakwama. Baba akakibana kwa koleo ili kifunguke, kikapasuka kwa urefu, na wino ukamwagikia kanzu. Imebaki pembe moja. Nifanye nini nayo isiharibike?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Kanzu itafuliwa. Kilichoniuma mimi ni hayo maneno "imebaki pembe moja", maana ng'ombe wa hitima ya babu hachinjwi mara mbili. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu. Hiyo pembe usiiguse kwa msumeno mpaka umalize kusoma.

Pembe ya ng'ombe si mfupa. Mfupa uko ndani, umechomoza kutoka kwenye fuvu, na juu yake imevikwa ala ya keratini, kitu kile kile kilichofanya kucha zako, nywele zako na kwato za punda. Ala hiyo hukua kutoka shinani, tabaka baada ya tabaka, kama vikombe vya kahawa vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine. Ncha ndiyo kongwe kuliko sehemu zote. Mfupa haufiki huko, kwa hiyo pembe pale imejaa, haina tundu, na hapo ndipo mtengeneza kalamu anapotafuta riziki yake. Nyuzi za pembe zimelala kwa urefu, kutoka shinani kwenda nchani. Kumbuka hilo, kwa sababu ufa wa kifuniko chako ulifuata njia hiyo hiyo.

Sasa fikiria kucha zako. Ukifua nguo asubuhi nzima zinalainika, unaweza kuzikunja. Zikikauka, zinarudi ugumu wake. Pembe nayo ni hivyo hivyo, hata kama ng'ombe amekufa miaka hamsini iliyopita. Hewa ikiwa na unyevu inakunywa na kunenepa, hewa ikiwa kavu inatoa maji na kusinyaa. Tena hunenepa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu. Masika inakuwa hivi, kaskazi inakuwa vile, na hakuna dawa wala rangi ya kuizuia isifanye hivyo. Inachelewa tu.

Wengi wakishalijua hili hukata tamaa na pembe. Mimi sikukata, kwa sababu nimeona chuku za wazee. Chuku ni pembe ya ng'ombe ya kuumikia damu, ilioshwa ikakaushwa, ikaoshwa tena ikakaushwa, miaka nenda miaka rudi, na nyingine mpaka leo hazina ufa. Baragumu vilevile, mate na pumzi za mpigaji zinaingia humo kila siku ya ngoma. Zimedumu kwa sababu hakuna aliyezibana. Hazina shaba ndani, hazina gundi, hazina hesi. Zikitaka kunenepa zinanenepa, zikitaka kusinyaa zinasinyaa. Pembe hupasuka pale inapotaka kusogea ikakuta imefungwa. Kazi yako yote katika hii ya pili ni kuipa nafasi ya kusogea, na kuiweka mbali na wino.

Turudi kwenye ile ya kwanza. Wino kwa sehemu kubwa ni maji. Mlipoumimina ndani ya kiwiliwili cha kalamu, pembe ilianza kuunywa kutoka ndani usiku huo huo. Kiwiliwili kikanenepa, na hesi zake za nje zikanenepa pamoja nacho. Kifuniko hakikuguswa na wino, hesi zake za ndani zikabaki kipimo kile mlichokata. Kitu kilichovimba kiko ndani ya kitu kisichovimba, hapo lazima kikwame. Baba alipokibana kwa koleo alimalizia tu, kifuniko kilikuwa kimeshatanuliwa kutoka ndani kwa siku nyingi. Usimlaumu, na usijilaumu kwa mkono wako kuwa mbovu. Hata ingekerezwa na mkono wa fundi bora, kalamu ya mpango ule ingekwama.

Ila yako makosa mawili ya kabla ya mashine. La kwanza ni kuchemsha muda wote huo. Pembe hulainika kwa joto. Huko Ulaya mafundi waliitumia sifa hiyo kwa karne nyingi, wakaipasha moto, wakaipasua, wakaibana mpaka ikawa bapa jembamba linalopitisha mwanga, wakatengenezea vitana na vioo vya taa. Sisi hatutaki bapa. Tunataka tabaka zishikamane, na maji ya moto ya muda mrefu huzilegeza. Nusu saa ya maji yanayotokota inatosha mfupa kulegea, ukaugonga ukatoka. Na kwa kalamu mara nyingi huna haja hata ya hiyo, kwa sababu unakata ncha iliyojaa na mfupa unaubakisha upande wa pili.

La pili ni bati. Jua la Tanga juu ya bati ni kama kikaango. Nje ya pembe ilikauka na kusinyaa wakati ndani bado mbichi, na pale zinapovutana hufanyika nyufa nyembamba kama unywele ambazo huzioni mpaka umeshakereza.

Nami nina yangu. Kalamu yangu ya kwanza ya pembe iliyopata mnunuzi niliitengenezea hapa Bagamoyo wakati wa masika. Nilitia bomba la shaba ndani, nikalibana barabara, nikaligandisha kwa supagluu. Ilikuwa inang'aa kama tende. Mnunuzi akaenda nayo Dodoma. Hewa ya kule ni kavu, ofisini kuna kiyoyozi, pembe ikataka kusinyaa, shaba haisinyai, supagluu haivutiki. Miezi miwili baadaye alinirudishia ikiwa na ufa kutoka kichwani mpaka mkiani. Nilimrudishia fedha zake zote, na tangu siku hiyo sijaibana pembe yoyote.

Basi tuishike hiyo ya pili. Chukua chelewa la mnazi, jembamba, uliingize kwenye tundu la pembe upande wa shina mpaka ligote. Chelewa hupinda likifuata pembe, ndiyo maana nalipenda kuliko waya. Lishike kwa vidole pale linapotokea, lichomoe, ulilaze nje ya pembe kwa mpindo ule ule, uweke alama ya kalamu pale ncha yake inapofika. Kutoka alama hiyo mpaka nchani ndiko kuliko na pembe iliyojaa. Kama mfupa bado umo, utaupata mpaka wake kwa kuuloweka siku chache kwanza, au kwa hiyo nusu saa ya maji ya moto.

Ng'ombe wetu wa asili ana pembe fupi, si kama wale wa Ankole wa kule Kagera. Usitarajie makubwa. Kiwiliwili kinataka kipande kilichonyooka cha milimita 75 hivi, unene usiopungua 17. Kifuniko kinataka milimita 60, unene wa 20. Habari njema ni kwamba kifuniko hakihitaji pembe iliyojaa. Utakitoboa kwa upana hata hivyo, kwa hiyo ile sehemu ambapo tundu linaanza, nyembamba bado, ambayo wengi huitupa, inafaa kabisa kwa kifuniko. Ncha iwe kiwiliwili, inayofuata iwe kifuniko, na rangi zitaendana kwa sababu ni ndugu wa tumbo moja. Pakipungua, tengeneza kifuniko cha mpingo. Mpingo na pembe vinapendezana kuliko pembe na kitu kingine chochote ninachokijua, na mpingo unashika hesi vizuri mno, ndiyo maana dunia nzima wanautengenezea klarineti.

Usijaribu kuinyoosha pembe kwa moto. Itanyooka mbele yako, utafurahi, na baada ya miezi itarudi polepole kwenye mpindo wa mama yake. Tafuta kipande kilichonyooka ndani ya mpindo, kilichobaki kiache kiende.

Ukishakata, paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa kwenye nyuso zote mbili zilizokatwa. Maji hutoka haraka sana upande wa nyuzi zilizokatwa kuliko ubavuni, na hapo ndipo nyufa huanzia. Kisha weka vipande kivulini, penye hewa, juu ya kabati si juu ya jiko. Utajuaje vimekauka? Usihesabu siku, pima uzito. Mpelekee sonara akupimie kwa mizani yake ya dhahabu, uandike. Rudi baada ya mwezi. Uzito ukisimama miezi miwili mfululizo bila kushuka, pembe imepatana na hewa ya Tanga. Mimi huacha miezi sita, na sijawahi kujuta kwa kuchelewa. Na kama baba yako ana watoto Dodoma wanaomwita kila likizo, ongeza uvumilivu na uzingatie sana nitakayosema kuhusu nafasi.

Kabla hujaianika, itazame kwa makini kama ina vitundu au vijimirija vilivyochomoza. Kuna nondo hapa Afrika ambaye viwavi vyake hula pembe za wanyama waliokufa, na kuna mbawakawa wadogo wa ngozi na manyoya wanaofanya hivyo hivyo. Ukiwa na shaka, ifunge kwenye mfuko wa nailoni uitie kwenye friza wiki mbili.

Sasa mashine. Pembe inapenda patasi kali na mkato mwepesi. Pua yako ndiyo kipimo: ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, simama, umepasha moto, na moto hufungua tabaka. Kutoboa ndiko kunakoharibu pembe nyingi zaidi. Anza na biti ya milimita 6, ingiza sentimita moja, itoe, safisha unga, acha ipoe, rudi. Kisha biti ya 8, kisha ya 10. Ukifika 10 toa kipande kwenye mashine, kiweke tena kivulini wiki mbili. Umefungua ndani ambako hakujawahi kuona hewa, kwa hiyo kitasogea kidogo tena, na ni afadhali kisogee sasa kuliko kikishakuwa kalamu. Ndipo umalizie kipimo.

Vaa barakoa wakati wote. Unga wa pembe ni mwepesi, unaingia ndani ya mapafu. Na kwa wengine wanaosoma hapa, msiokote kamwe pembe ya ng'ombe aliyejifia porini au zizini. Kimeta kinaishi miaka mingi ndani ya pembe, ngozi na manyoya, na kimewahi kuua wafanyakazi wa viwanda vya vitu hivyo. Wa kwako alichinjwa mzima mbele ya watu, huna hofu hiyo. Wala huna hofu ya pili, kwa kuwa baba pengine atataka kuandikia aya: masheikh wetu wa Kishafii huihesabu pembe ya mzoga kuwa ni najisi, ya mnyama wa halali aliyechinjwa ni tohara.

Tumefika kwenye kiini. Ndani ya pembe utatia bomba la kitu kisichokunywa maji, na hesi zote utazikata kwenye bomba hilo. Lililo bora ni eboniti, yaani mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu kama mti. Kalamu za zamani, tangu enzi za Lewis Waterman aliyepata hataza yake New York mwaka 1884, zilikuwa za eboniti, na nyingi bado zinaandika. Akriliki nayo inafaa. Shaba ni nzuri kwa nguvu ila wino huila, usiiache ikutane nao.

Kereza bomba la kiwiliwili kutoka kwenye ufito mmoja wa eboniti: mkia wa milimita 11 utakaoingia ndani ya pembe, na kichwa cha milimita 13 kitakachobaki nje kwa urefu wa 8 hivi. Kwenye kichwa hicho ndipo hesi za kifuniko zinapokatwa, na ndani yake hesi za kupokea shingo, yaani ile sehemu ya mbele inayoshika nibu. Toboa katikati milimita 9 ili katriji, kile kichupa cha wino cha kubadilisha, au kivuta wino kipate kukaa. Tundu la pembe lifanye 11.2. Hizo nukta mbili za milimita ndizo nafasi niliyoahidi. Usiibane. Bomba liingie kwa kidole bila kusukuma, na gundi iwe epoksi ya kukauka polepole, ile ya mirija miwili, ijaze nafasi na kubaki na mvutiko kidogo. Supagluu iache ikae dukani. Paka epoksi hiyo hiyo, nyepesi, kwenye ukuta wote wa ndani wa pembe pamoja na ule uso wa mwisho wenye nyuzi zilizokatwa.

Kifuniko ni hivyo hivyo: bomba la eboniti la milimita 15 kwa nje, hesi za 13 kwa ndani, tundu la pembe 15.2. Nje utakereza mpaka 18. Pembe itakayobaki ina ukuta wa milimita 1.4 tu, unaweza kuogopa, lakini ukuta mwembamba una nguvu ndogo ya kuvuta na husogea wote kwa pamoja. Mnene ndio unaojipasua.

Pembe ikivishwa hivyo inakuwa nguo ya kalamu. Mzigo wa wino na wa kufungua na kufunga unabebwa na eboniti. Hata viwanda vilipata somo la namna hii: miaka ya 1920 na 1930 kalamu kadhaa za Uingereza zilitengenezwa kwa kaseini, plastiki iliyotokana na protini ya maziwa. Zilikuwa na rangi za kupendeza sana, lakini ukiziloweka zinavimba na kupoteza umbo. Protini ni protini, iwe ya maziwa au ya pembe.

Wino usiumimine tena ndani ya kiwiliwili. Hata eboniti ingekuwa imeziba kila mahali, kuna sababu nyingine: hewa iliyo juu ya wino hupashwa joto na mkono, hutanuka, na kuusukuma wino utoke kwenye nibu kwa tone kubwa. Kwa joto letu la pwani jambo hilo ni la kila siku. Katriji au kivuta wino kina hewa kidogo, na kinauzuia wino usiguse ukuta.

Nibu usijisumbue kuitengeneza. Za Ujerumani, Bock na JoWo, ndizo mafundi wengi wa kalamu za mkono wanazotumia, na zinaagizwa mtandaoni zikiwa na ulimi wake na kikombe chake cha hesi. Nibu namba 6 ya JoWo inakaa kwenye hesi ya milimita 7.4 yenye hatua ya 0.5 kati ya jino na jino, na tepu yake, yaani kifaa cha kukatia hesi za ndani, itakubidi uiagize pamoja, haipo madukani. Kama fedha hairuhusu, nunua kalamu ya wino ya bei rahisi ya wanafunzi, chukua shingo yake nzima na nibu yake, pima hesi kwa vernia, ukate hesi ya kuipokea ndani ya kile kichwa cha eboniti. Sioni aibu yoyote humo. Chagua nibu ya unene wa kati. Mwalimu aliyezoea bolpeni hukandamiza, na nibu nyembamba itakwaruza karatasi na kumchosha.

Kung'arisha ni kazi ya jioni moja: msasa 400, 600, 1000, 2000, kwa tone la mafuta badala ya maji, kisha kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba, mwisho nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya nazi usipake, yanachacha. Usipake vanishi nene, utaificha ile mishipa ya rangi ya asali inayoonekana pembe ikielekezwa kwenye mwanga, na sijui kwa nini mtu afanye kalamu ya pembe kisha aifiche pembe.

Neno kwa wanaotaka kuiga wakiwa na pembe nyingine. Ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wa nyumbani haina tatizo. Ya nyati, tandala, swala au mnyama mwingine wa porini ni nyara za serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwa nayo bila kibali ni kesi, na faru usimtaje hata kwa mzaha. Anayetaka kuuza nje ya nchi aulizie mapema kibali cha mifugo, na kama ameweka mpingo ajue kwamba miti yote ya jamii yake iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017.

Ile kalamu iliyopasuka usiitupe. Ioshe kwa maji baridi kidogo, ikauke kivulini, kisha kata ile sehemu ya kifuniko isiyo na ufa upate pete ya milimita 5. Kama kifuniko kipya kitakuwa cha mpingo, pete hiyo ikae mdomoni pake, juu ya bomba la eboniti, na pembe zote mbili za ng'ombe yule zitakuwa mkononi mwa baba.

Leo usikate. Tia chelewa, pima urefu wa pembe iliyojaa, pima unene wake kwa vernia pale kwenye alama na tena sentimita nne kabla ya ncha, uniletee namba hizo tatu. Nitakuchorea mahali pa kupitisha msumeno.